Hozi ya Kurudi

Wenzo wameufunga kwa mpira wa baiskeli,
mafundo mawili, usije ukarudi kati wenyewe.
Ndivyo walivyolilazimisha trekta
kusukuma oili tangu alfajiri bila kupumua:
oili iende kwenye mota, mota izungushe feni,
feni iipulize dawa ya tangi linalokokotwa nyuma
mpaka juu kwenye makuti ya mitende,
anakojificha dubasi
na kudondosha utomvu kama asali iliyooza.

Sinaw, Aprili, saa nne asubuhi,
na chuma tayari hakishikiki.

Nimeitwa kwa sababu panavuja.
Mofizul ameshika ndoo chini ya mota.
"Fundi, inalia," ananiambia.
Kiswahili chake amekiokota kwa Bi Ghaniya,
na Bi Ghaniya alikuja nacho kutoka Tabora
kimekunjwa sandukuni pamoja na vitenge.

Naigusa hozi ya kwenda: moto.
Naigusa ya kurudi: moto zaidi,
imekakamaa kama mshipa wa shingo
ya mtu anayejizuia kusema.

"Nani alifunga hii?"
"Mimi."
"Mbona nyembamba?"
"Ndiyo iliyokuwepo."

Bi Ghaniya anataka kuelezwa. Hulipii usichokielewa, anasema.
Basi namweleza.
Jembe, mama, unaliinua mara moja,
oili inakwenda, inatulia, inangoja.
Feni si jembe. Feni inakunywa na kutema, inakunywa na kutema,
kutwa nzima, na kila inachokitema lazima kifike tangini
kipoe kidogo kabla hakijaitwa tena.
Oili ikikosa njia ya kurudi
hutafuta njia ya kutoka.
Hii hapa: sili ya shafti,
mpira usiozidi pete ya kidole.
Imepasuka.

"Kwa hiyo njia ya kurudi iwe pana kuliko ya kwenda?"

"Ndiyo, mama. Na iingie tangini moja kwa moja,
isipite mlango wowote wa kuombea ruhusa."

Akanitazama.
Naapa nilikuwa nasema hozi.

Lakini Mofizul, mwaka wa nne huu,
ambaye mwanawe wa pili anamjua kwa sauti tu,
aliinamia ndoo yake kana kwamba ndani mna samaki.
Mimi nikaisoma namba ya spana.
Kumi na tisa. Nikaisoma tena.

"Hozi riali ngapi?"
"Kumi na nane. Sili, mbili na nusu."
Akahesabu noti, akaingia ndani,
na mlango ukajifunga polepole, kama ilivyo milango mizito.

Alasiri nikafunga hozi nene, nyeusi, yenye harufu ya duka,
kutoka kwenye mota hadi kwenye kifuniko cha tangi.
Ule mpira wa baiskeli nikaukata kwa kisu.
Nikamwambia Mofizul: kuwasha unajua. Sasa jifunze kuzima.
Usiurudishe wenzo katikati.
Kitu kilichozunguka hivi tangu asubuhi,
ukikifungia ghafla huku na huku,
kinajivunja kwa nguvu zake chenyewe.
Usukume mbele, mbele kabisa, ukipite kituo cha mwisho,
mahali ambapo oili haisukumwi wala haizuiwi.
Mahali pa kuelea.

"Bhasha," akasema.
Kwao Barisal, mvua zikishika,
kwenda dukani ni kuelea, kwenda msibani ni kuelea.
Sikuhitaji kumweleza zaidi.

Tukajaribu. Nikaweka kiganja kwenye hozi:
vuguvugu, laini, inatetema kidogo
kama ubavu wa mbuzi aliyelala.
Mitende ikapeperuka, ndege wakahama.

Bi Ghaniya alikuwa mlangoni.
Alishika kitu mkononi, au hakushika;
jua lilinipiga machoni.

"Zima," nikasema.
Mofizul akausukuma wenzo mbele, kwa vidole viwili,
na feni, iliyoachwa bila kukatwa,
ikaendelea kuzunguka kwa hiari yake,
ikapungua,
ikapungua,
mpaka mapanga yake yakahesabika.